Kutoka Tanga hadi Ng'ambo ya Unguja: Kutafuta Kikao cha Wanaoacha Pombe

Zamani, baina ya Mji Mkongwe wa Unguja na upande wake wa mashariki palikuwa na mkono wa bahari, na watu wakivuka kwa daraja. Hiyo ndiyo asili ya jina la Darajani, penye soko kuu lililojengwa mwaka 1904. Maji yale yalifukiwa na daraja halipo tena, lakini upande wa pili hata leo waitwa Ng'ambo. Watalii wengi huishia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Ng'ambo ndiko waliko wenyeji, na ndiko yaliko majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Huko ndiko tulikokuwa tukienda, mimi na kijana mmoja wa mtaani kwetu Tanga, kutafuta nyumba isiyo na kibao mlangoni.

Kijana huyo sitamtaja jina. Nyumba sitaitaja, wala mtaa wake. Sharti la kwanza la vikao vya aina hii ni kuwa mtu asitangazwe, na yale ninayoyaandika hapa ni yale tu ambayo wenyewe wameniruhusu. Itoshe kusema kuwa ni mwalimu, ana miaka 34, na amekunywa pombe kwa miaka tisa. Mkewe amerudi kwao na watoto wawili. Baba mkwe ametoa muda: kijana akionekana mzima hadi Ramadhani iishe, wazee watakaa kuzungumza suluhu. Akionekana amelewa tena kabla ya hapo, ataomba binti yake apewe talaka yake. Tuliondoka Tanga mwanzoni mwa Rajabu.

Ndugu msomaji atauliza: kwa nini kwenda mbali kiasi hicho? Jibu ni kwamba karibu kote kulikwishajaribiwa. Kijana alipigwa mawaidha na jamaa zake mmoja baada ya mwingine. Alisomewa visomo. Aliapishwa mbele ya mama yake, akaapa, akakaa siku kumi na moja. Msikitini watu walianza kumwachia nafasi pana kwenye safu, na yeye akaielewa ishara, akaacha kuja. Mwisho baba yake alimfungia chumbani ili pombe imtoke kwa nguvu. Usiku wa pili alitetemeka mwili mzima, akaanza kuona wadudu ukutani wasiokuwapo, kisha akaanguka kama mwenye kifafa.

Hili lifahamike vyema katika kila nyumba yenye mtihani huu. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, kwa muda mrefu, ukinyimwa ghafla unaweza kuingia katika hali ya hatari: mtetemeko, jasho, kuchanganyikiwa, degedege, na hata mauti. Kumfungia mtu wa namna hiyo si tiba. Mahali pake pa kwanza ni hospitali, ambako daktari humpa dawa za kuutuliza mwili kwa siku kadhaa hadi hatari ipite. Kijana wetu alipelekwa hospitali usiku ule ule, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu akapona.

Siku ya kutoka, daktari alimwita baba yake pembeni akamwambia maneno ambayo mzee alinisimulia baadaye. Alisema dawa imeutoa mwili katika pombe, lakini dawa haiwezi kukaa naye saa mbili usiku rafiki zake watakapompigia simu. Sasa anahitaji watu waliopita njia hiyo wakatoka, akae nao, awasikilize, na wao wamsikilize. Akamweleza kuwa vipo vikao vya watu kama hao, na kwamba Unguja viko vinavyoendeshwa kwa Kiswahili, na wengi wa wanaokaa humo ni Waislamu. Mzee aliona haya kwenda mwenyewe. Akaniomba mimi, jirani yake wa miaka mingi, nimsindikize mwanawe.

Kijana alikubali upesi kuliko tulivyodhani, na sababu yake aliisema wazi ndani ya basi, tulipokwishapita Segera. "Mzee, kule hakuna anijuaye." Alikuwa tayari kuvuka bahari ili akiri jambo ambalo mtaa wetu mzima ulikuwa ukilijua.

Tulilala Dar es Salaam usiku mmoja. Jirani na nyumba ya wageni palikuwa na baa mbili, muziki wake ukiingia hadi chumbani. Aliniambia mchana haumpi tabu sana, tabu huanza jua likizama. Zamani alikuwa akibeba viroba mfukoni, vile vipakiti vya plastiki ambavyo serikali ilivipiga marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Machi 2017. Marufuku ile ilimwondolea kipakiti cha mfukoni, akahamia kwenye chupa. Tuliswali Isha pamoja, tukazungumza habari za skuli na za Simba na Yanga hadi muziki ulipokoma, na asubuhi tukapanda boti. Safari ya baharini ilichukua kama saa mbili. Alikaa nje muda wote, akitazama maji.

Nambari ya simu tuliyopewa na daktari ilipokewa na mtu mwenye sauti ya upole. Hakuuliza jina la mgonjwa wala ukoo wake. Aliuliza mambo matatu: amekunywa lini mara ya mwisho, amekwishaonwa na daktari, na je, anakuja kwa hiari yake. Kisha akasema tusubiri Darajani, upande wa wauza samaki, atakuja mtu. Aliyekuja alikuwa kijana mwenye kanzu na kofia, tukamdhania ni mwanafunzi wa madrasa. Njiani, ndani ya daladala, alitueleza bila kupunguza sauti kuwa yeye alikuwa teja kwa miaka saba, na kwamba hospitali ya Kidongo Chekundu, inayojulikana Unguja kwa tiba ya maradhi ya akili, anaijua ndani na nje. Abiria mmoja aligeuka kumtazama. Yeye aliendelea na hadithi yake.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida: ua wa matofali, mwembe, kisima cha pampu, vyumba vya kulala vyenye vitanda vya ghorofa, na ukumbi uliotandikwa mikeka. Watu wa huko huita nyumba ya namna hii soba hausi, na katika maandishi rasmi huitwa nyumba ya upataji nafuu. Ya mwanzo visiwani ilifunguliwa mwaka 2009, wakati heroini ilipokuwa imewala vijana wengi wa Unguja, na hadi leo wengi wanaoingia ni waliotumia unga. Hata hivyo mlevi wa pombe hupokewa kwa taratibu zile zile. Mtu hukaa humo kwa miezi, familia ikichangia chakula na malazi. Huamka kwa swala ya Alfajiri, hufagia, hupika kwa zamu, na kila siku hukaa kikao. Wapo pia wanaoishi makwao na kuja kwenye kikao tu, na kikao hakina kiingilio.

Utaratibu huu ulitoka mbali, na namna ulivyozaliwa inafaa kusimuliwa. Mwezi Mei 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio huko Marekani, mfanyabiashara aitwaye Bill Wilson alikuwa amesimama ukumbini mwa hoteli. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu iliyopita, na siku hizo biashara iliyompeleka pale ilikuwa imeharibika. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa, na upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Alikwenda kwenye simu, akapiga nambari moja baada ya nyingine, akiomba aelekezwe kwa mlevi yeyote aliye taabani. Alikuwa ametambua kuwa akizungumza na mwenye maradhi kama yake, hamu yake mwenyewe hupungua. Simu hizo zilimfikisha kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa akiharibikiwa na pombe. Daktari alikubali kumpa dakika 15, lakini wakazungumza kwa saa kadhaa. Tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa daktari alikunywa mara ya mwisho, ndiyo inayoadhimishwa kuwa mwanzo wa vikao hivi. Hatua zao 12 zilichapishwa kitabuni mwaka 1939. Mwaka 1953, huko California, watumiaji wa dawa za kulevya wakaanzisha vikao vyao kwa mfano huo huo.

Kikao tulichohudhuria kilikuwa cha wazi, yaani wageni na jamaa wanaruhusiwa. Vingine huwa vya wahusika peke yao. Kilianza baada ya Isha. Viatu vilivuliwa mlangoni, birika la kahawa ya tangawizi likapitishwa na sinia la kashata. Watu walikuwa kama 25, umri wao baina ya miaka 20 na 60. Mwenyekiti wa usiku ule, ambaye naye ni mraibu aliyepata nafuu, aliomba kimya kifupi kwa ajili ya wale ambao bado wanateseka nje. Kisha alisoma masharti: asemaye asikatizwe, mtu azungumze habari zake na siyo za mwenziwe, pasiwe na ushauri usioombwa, na yanayosemwa ukumbini yabaki ukumbini.

Kila aliyesema alianza kwa jina lake moja na kukiri kuwa ni mraibu, na wote wakamwitikia kwa jina hilo. Mmoja alikuwa mhudumu wa hoteli ya pwani, huko Nungwi. Hakuwahi kununua pombe miaka miwili ya mwanzo. Alikuwa akimalizia mabaki katika bilauri za wageni jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Mwingine alikuwa mvuvi, mtu mzima mwenye wajukuu. Alisema aliwahi kuacha Ramadhani kumi mfululizo, na kila usiku wa Idi akairudia. "Nlikuwa nkiihesabu Ramadhani kama mfungwa ahesabuvyo siku zake," alisema. "Hapa wamenifunza kuihesabu leo." Hakuna aliyecheka, wala aliyesema masikini. Walimshukuru kwa jina lake, zamu ikaenda kwa mwingine.

Neno hilo la leo lilirudi mara nyingi. Hawaahidi kuacha maisha yao yote. Huahidi kutokunywa leo, na kesho wakiamka huahidi tena. Kwa aliyekwisha kuapa mbele ya mama yake na kuvunja kiapo, ahadi ya siku moja ni mzigo anaoweza kuuinua.

Zamu ilipomfikia kijana wetu, alinyamaza kwa muda mrefu. Mtu mmoja aliyekuwa akimimina kahawa alimsogelea akamuuliza kwa sauti ya chini ametoka wapi. Akajibu Tanga. "Tanga wapi?" Chumbageni. Yule mtu akasema, "Na mimi wa Chumbageni." Nilimwona kijana akiinamisha uso. Alivuka bahari asijulikane, akakutana na mtu wa mtaa wa jirani. Mwenye kahawa akamwambia, "Usihofu. Hapa hatuulizi mtu ni mtoto wa nani. Twauliza leo umeshindaje." Kijana akasema jina lake, akasema ni mraibu wa pombe, na kwamba siku hiyo hakunywa. Hakuongeza neno. Walimwitikia wote, kisha akapewa kishikio cheupe cha funguo, ambacho hupewa kila anayeanza.

Nilikuwa nimekuja na shaka yangu, na najua wasomaji wengi wanayo. Je, huu si utaratibu uliotoka makanisani, na je, kuuita ulevi ugonjwa si kuufuta uharamu wake? Ni kweli kuwa waanzilishi wake walitoka katika harakati ya Kikristo. Lakini hatua zenyewe hazimtaki mtu afuate dini fulani. Zinamtaka akiri udhaifu wake, amtegemee Mungu, ajihesabu, aorodheshe aliowadhulumu, na awarudishie haki zao kila inapowezekana bila kuleta madhara mapya. Mwenye kusoma masharti ya toba katika dini yetu, yaani kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia na kurejesha haki za watu, hataona ugeni mkubwa. Waislamu wa Baltimore, Marekani, walilitambua hilo mwaka 1989 walipoanzisha Millati Islami, vikao vinavyofuata hatua hizo kwa misingi ya Kiislamu. Ama kuhusu ugonjwa, mtu mwenye jeraha alilojitia mwenyewe bado hupelekwa hospitali, na hesabu yake kwa Mola wake inabaki pale pale.

Tunayo mafunzo yetu wenyewe ambayo tumeyasahau. Imepokewa katika Sahihi Bukhari habari ya mtu aliyeletwa kwa Mtume (SAW) kwa kosa la ulevi, na haikuwa mara yake ya kwanza. Aliadhibiwa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani, na Mtume (SAW) akamkataza asimlaani, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilitimizwa, na hakutolewa katika udugu.

Jambo la pili ni namna pombe ilivyoharamishwa. Katazo lilikuja kwa hatua: kwanza ilielezwa kuwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake, kisha watu wakakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa, na mwisho ikaharamishwa moja kwa moja. Siku katazo la mwisho lilipotangazwa, watu wa Madina walimwaga pombe zao hadi zikatiririka vichochoroni. Tukio hili hutajwa sana mimbarini kama mfano wa utiifu, na ni kweli. Lakini tutazame pia kuwa walimwaga pamoja. Aliyekuwa akiacha siku ile alitoka nje akamkuta jirani yake naye anaacha. Kijana wa leo tunamtaka afanye peke yake, usiku, akiwa chumbani, jambo ambalo watu wa Madina walilifanya mtaa mzima.

Kabla ya dua ya kufunga, alisema mama mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe. Miaka mingi, alisema, alikuwa akilipa madeni ya mwanawe dukani, akimpigia simu mwajiri kusema mtoto ana homa, na akimfungulia mlango saa nane usiku na kumpashia chakula. Alidhani anamsitiri. Kumbe kila alipomlipia deni alimwezesha kukopa upya. Siku alipoacha kulipa na kuacha kusema uongo kwa ajili yake, ndipo mwanawe alipoomba msaada. Aliongeza kuwa hakuacha kumpenda wala kumsalimu. Maneno hayo yanawahusu wake na kina mama wengi wasomao ukurasa huu. Kumsitiri ndugu ni wajibu, na kumlipia gharama za ulevi ni jambo jingine. Familia nazo zina vikao vyao: huko Marekani jamaa za walevi walianzisha Al-Anon mwaka 1951, kwa kuwa walibaini kwamba nyumba nzima huugua pamoja na mlevi.

Nilirudi Tanga peke yangu. Kijana alibaki. Leo ninapoandika ana siku 52, na Ramadhani i mlangoni. Mkewe amezungumza naye kwa simu mara mbili, watoto wakiwa karibu. Baba mkwe hajatamka neno. Walezi wake kule nyumbani walinieleza wazi kuwa wengi huteleza zaidi ya mara moja kabla ya kusimama, na anayeteleza hurudi ukumbini siku ya pili, akahesabu upya kuanzia moja, na huitikiwa kwa jina lake kama kawaida.

Kwa mwenye ndugu katika hali hii, njia ni hii. Aanze hospitali, hasa ikiwa mgonjwa hunywa kila siku, na aulize kitengo cha afya ya akili. Wahudumu wa kitengo hicho aghalabu ndio wanaojua vikao viko wapi. Walioko Kenya wanaweza kupiga nambari 1192 ya NACADA bila malipo. Aulize kama kikao ni cha wazi kabla ya kufuatana na mgonjwa. Ahudhurie zaidi ya mara moja, kwa kuwa siku ya kwanza mtu husikia haya yake tu. Na anayoyasikia humo asiyatoe nje.

Limebaki ombi kwa kamati za misikiti yetu. Mingi ina chumba cha madrasa kinachokaa kitupu baada ya Isha. Kikao hakihitaji mshahara wala bajeti. Kinahitaji mkeka, birika la kahawa, mtu mmoja aliyekwisha kupona, na jamaa wasiochungulia dirishani kuona nani ameingia. Lau chumba kama hicho kingekuwapo Tanga, mwalimu yule asingehitaji kuvuka bahari, na wanawe wangemwona kila jioni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape nguvu walioamua kuacha, awape subira jamaa zao, na atujaalie sisi tuwe majirani watakaowafungulia mlango. Amin.